Sebule yenye taili nyeusi: rangi, taa, mapazia na zulia (Tanga na majirani)

#1 MwenyejiSahare

Wakuu, habari za jioni, na wakubwa zetu shikamooni.

Nyumba nyingi zinazopangishwa huku Tanga, kuanzia Sahare na Raskazone mpaka Mikanjuni, sebule zake zimepigwa taili za giza: nyeusi, kijivu cha mkaa, kahawia ya kahawa iliyoiva. Sakafu ya namna hiyo inapendeza ikiwa tupu na imetoka kupigwa deki. Makochi yakishaingia, chumba kinazama. Mtu anauliza afanyeje, anajibiwa "paka nyeupe, funga taa kali". Akifanya hivyo sebule inabaki na giza chini na ukali juu, na kila punje ya vumbi inaonekana.

Sababu ni hii. Mwanga wa dirishani hauishii pale unapoangukia. Unapiga sakafu, unaruka kwenda darini na kwenye kuta zilizo mbali na dirisha. Sakafu ya krimu inarudisha sehemu kubwa ya mwanga huo. Sakafu nyeusi inaumeza karibu wote. Ndiyo maana sebule yenye dirisha kubwa bado ina pembe zenye kiza na dari yenye rangi ya majivu. Ukipaka kuta nyeupe pe hujagusa pale mwanga unapopotelea. Umezidisha tu tofauti kati ya ukuta na sakafu, na jicho linanasa kwenye mpaka wao.

Kwa hiyo naomba uzi huu ushikilie jambo moja: mwanga urudishwe chini, mahali unapomezwa. Kitu cha rangi nyepesi kisichong'aa kilale katikati ya sakafu, kuta ziwe na joto kidogo, taa zishuke na zigawanyike.

Kabla hujanunua chochote, jua weusi wa taili yako ni wa aina gani. Futa taili moja karibu na dirisha, ikauke kabisa. Saa nne asubuhi, taa zote zimezimwa, laza karatasi nyeupe ya kuchapia juu yake. Itazame ukiwa umesimama, kisha uchuchumae. Pembeni ya karatasi weusi unajifichua: kuna taili utaiona ina ubuluu, nyingine ukijani, nyingine wekundu kama wa mninga. Yenye ubuluu au ukijivu inataka kuta zenye umanjano kidogo, kama maziwa ya mtindi au pembe ya ndovu. Yenye wekundu inataka rangi ya mchanga mkavu au kijani kilichofifia, kile cha jani la mkonge. Ukiipa taili nyekundu-nyekundu krimu ya manjano, chumba kizima kinageuka rangi ya chai.

Mafundi na wajuzi karibuni. Anayeuliza ataje vipimo, dirisha linatazama wapi na makochi ni ya rangi gani, la sivyo tutakuwa tunabahatisha.

#2 RoliNaBrashi

Mkuu umeanza vizuri. Naongeza la rangi.

Chukua sebule ya mita 4 kwa 5, kuta za mita 3. Mzunguko ni mita 18, mara 3 ni mita za mraba 54. Toa mlango mita za mraba 2 na madirisha mawili ya 1.5 kwa 1.5, yaani 4.5. Inabaki 47.5. Rangi ya maji kwenye ukuta uliopigwa puti na msasa inafunika karibu mita za mraba 10 kwa lita moja, kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja. Mikono miwili ni lita 9.5. Nunua galoni 3 za lita 4, inayobaki ifunge vizuri kwa ajili ya kurekebisha mikwaruzo. Angalia namba ya mchanganyiko kwenye makopo yote matatu. Zikitofautiana, yachanganye yote kwenye ndoo moja kabla ya kuanza, maana tofauti ndogo inaonekana ukutani jua likipiga ubavuni. Dari ya mita 20 za mraba ni galoni 1 ya nyeupe isiyong'aa.

Kosa linalojirudia ni rangi ya silki inayong'aa sana. Sakafu nyeusi iliyonakshiwa kwa mng'ao tayari ni kioo. Ukuta nao ukiwa kioo, macho hayapati pa kupumzika, na kila kidonda cha plasta kinatokeza kwa sababu mwanga unakuja kutoka ubavuni. Tumia isiyong'aa ambayo mtengenezaji ameandika kwamba inafutika kwa kitambaa. Nyuma ya makochi ndiko kunakochafuka, kwa hiyo neno "inafutika" usilipuuze.

Jaribio la rangi lisifanyike juu ya ukuta usawa wa macho. Paka kipande cha bodi cha nusu mita kwa nusu mita, mikono miwili, kisimamishe kikigusa taili. Rangi ileile karibu na sakafu nyeusi inaonekana imeiva zaidi. Kama pale chini bado inakupendeza saa moja usiku taa zikiwaka, hiyo ndiyo yako.

Na msimu uangaliwe. Masika, Machi mpaka Mei, hewa ya huku inalowa, mkono wa kwanza uache ulale usiku mzima. Kaskazi ikivuma saa nne zinatosha.

#3 DadaWaChumbageni

Asanteni. Naomba msaada nikiwa ndani ya masharti ya mwenye uzi.

Sebule ni mita 4 kwa 5. Taili ni 40 kwa 40, kahawia iliyokolea, zinang'aa. Nimefanya jaribio la karatasi, zina wekundu. Grauti yake, ile ya kujazia mistari kati ya taili, ni nyeupe. Madirisha mawili, yote ukuta wa mashariki. Makochi ni seti ya tatu, mbili, moja, ngozi bandia ya damu ya mzee, yana miguu mifupi. Taa ni moja tu katikati ya dari, ya mwanga wa buluu-buluu. Kuta ni nyeupe. Nianzie wapi?

#4 FundiTaili_Ngamiani

Dada, anzia kwenye grauti. Mistari myeupe juu ya taili za giza inafanya sakafu iwe kama daftari la hesabu, na hata ukitandika zulia zuri mistari inaendelea kupiga kelele pembeni yake. Chagua grauti ya kahawia iliyo nyepesi hatua moja kuliko taili. Usichukue nyeusi tii. Ikipauka inaonekana upesi.

Kazi yenyewe:

Kwarua grauti ya zamani kina cha milimita 3, kwa kikwaruzo chenye meno. Usipake mpya juu ya ya zamani bila kukwarua, itabanduka magamba ndani ya miezi. Usikimbilie mashine ya kukatia kama mkono wako si mzoefu, diski ikiteleza inakata uso wa taili na hiyo haitibiki. Fyonza au fagia vumbi lote, pitisha sponji yenye unyevu kwenye mifereji, isiwe na maji yaliyosimama.

Kiasi: taili za 40 kwa 40, mfereji wa milimita 3, kina milimita 3, mita za mraba 20, inatoka karibu kilo moja na nusu. Nunua kilo 2. Koroga maji kidogo kidogo mpaka iwe nzito kama dawa ya meno. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Mafundi wanapenda uji mwepesi kwa sababu unaingia haraka, lakini maji yakizidi, yanapokauka yanaleta chumvi juu, na grauti ya kahawia inatoka na mabaka meupe. Maji ya kisima chenye chumvi yanaongeza tatizo. Tumia ya bomba au ya mvua.

Sukuma kwa kibao cha raba, kikienda mshazari wa mistari ili kisichimbe. Subiri dakika 15 hadi 30, ikishika, futa kwa sponji iliyokamuliwa sana, nayo mshazari. Baada ya saa mbili tatu utaona ukungu mweupe juu ya taili. Uusugue kwa kitambaa kikavu siku hiyohiyo. Ukiuacha wiki nzima unahitaji tindikali ya kutolea saruji, na hiyo ikikaa kidogo tu inakula grauti mpya. Usitembee juu yake saa 24.

#5 UkinduWaPwani

Nami nije kwenye zulia, maana hapa ndipo mwanga unarudishwa kweli.

Watu wananunua zulia la mita 2 kwa 3 kwa mazoea. Tupige hesabu kwa chumba cha dada. Kochi lina kina cha sentimita 90 hivi, na linatakiwa liachane na ukuta sentimita 10 ili hewa ipite, la sivyo mgongo wake unaota fangasi kipindi cha mvua. Maana yake mbele ya kochi iko mita 1 kutoka ukutani. Zulia la 2 kwa 3 likikaa katikati ya chumba cha 4 kwa 5 nalo linaanzia mita 1 kutoka ukutani. Kwa hiyo linagusana na kochi ukingo kwa ukingo, halishiki mguu hata mmoja. Makochi yanabaki kwenye giza, zulia linaelea peke yake. Chukua 2.5 kwa 3.5. Linaanza sentimita 75 kutoka ukutani, miguu ya mbele inapanda sentimita 25 juu yake, na taili inabaki kama fremu ya giza pande zote nne. Hapo sakafu nyeusi inageuka pambo.

Sasa ni zulia gani? Huku kwetu jibu liko karibu. Mkonge ulipandwa Kikogwe, Pangani, tangu 1893, na rangi yake ya asili, ile ya majani makavu, ndiyo inayofaa zaidi juu ya taili za giza: ni nyepesi, haing'ai, na ufumaji wake mkubwa unaushika mwanga wa ubavuni. Ila ujue tabia zake. Mkonge ukimwagikiwa maji unaacha duara la kahawia hata kama maji yalikuwa safi. Kwa hiyo haupigwi deki, hausuguliwi kwa sabuni. Chai ikimwagika, gandamiza kitambaa kikavu, usisugue, kisha washa feni. Nyumba yenye watoto wadogo wa kumwagamwaga, fikiria mara mbili.

Mkeka wa ukindu ni njia ya pili, na bei yake ni rafiki. Agiza ambao haujatiwa rangi au uliotiwa mistari michache tu, shupatu (zile kanda za ukindu uliosukwa) zishonwe mpaka upate upana unaoutaka. Shida ya mkeka juu ya taili inayong'aa ni kuteleza. Mzee akikanyaga ukingo anaanguka. Tandika chini yake wavu wa raba wa kuzuia kuteleza, uliokatwa sentimita 3 ndani ya kila ukingo. Epuka raba nyembamba za bei ndogo zenye povu: kwa joto la huku zinashika taili na kubaki kama gundi. Pindo likianza kujikunja, lishone kwa mkanda wa kitambaa kizito cha pamba. Miguu ya meza ikae juu ya vibao vidogo, maana mguu wa chuma unakata ukindu.

Chochote utakachotandika, kiinue kila Jumamosi. Mchanga mzuri wa pwani unachuja kupitia mkonge na ukindu ukakusanyika chini, na mchanga huo ni mgumu kuliko uso wa taili nyingi. Ukiukanyagia hapo miezi, unasugua kama msasa, na kwenye taili nyeusi inayong'aa utaona ukungu wa mikwaruzo usiofutika.

#6 Msambaa_wa_Bumbuli

Napinga kidogo hili la kukataa nyeupe. Nyumba zetu za zamani za pwani ni chokaa nyeupe ndani na nje, sakafu za giza, boriti za giza, na zinapendeza mno. Kwa nini leo nyeupe iwe kosa?

#7 MjiMkongwe_Bagamoyo

Ndugu yangu, hoja yako ni nzuri, na jibu lake liko ndani ya chokaa yenyewe.

Chokaa iliyopakwa kwa brashi haing'ai hata kidogo, ina uso wenye punje, na weupe wake una umanjano wa mbali. Mwanga ukiigusa unatawanyika. Nyeupe ya kopo ya siku hizi ina ubuluu ndani yake na uso laini. Ni weupe wa aina mbili tofauti. Tena ukuta wa zamani ulikuwa na unene, una vidaka (vishimo kama rafu) ndani yake, una vivuli. Kwa hiyo anayetaka nyeupe ya pwani apake chokaa, au achague rangi ya maji isiyong'aa iliyotiwa tone la manjano na tone la kahawia.

Na kwa wenye nyumba za mawe ya matumbawe huku Bagamoyo, hili ni muhimu kuliko urembo: ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua. Unyevu unapanda kutoka ardhini na kutokea kwenye uso wa ukuta. Ukiuziba kwa plasta ya saruji na rangi ya mafuta, unyevu haukomi, unatafuta njia nyingine. Rangi inavimba malengelenge, chumvi inasukuma plasta, na taili za pembeni ya ukuta zinaota unga mweupe kwenye grauti. Juu ya taili nyeusi unga huo unaonekana kutoka mlangoni. Dawa ni kubandua saruji mita moja ya chini, kuacha ukuta ukauke, kuondoa chumvi kwa brashi kavu na kuifagia nje, halafu kupiga lipu ya chokaa na kupaka chokaa. Chumvi usiioshe kwa maji. Inayeyuka, inarudi ndani, inatoka tena.

Kama una vidaka, usivijaze. Sahani moja, au taa ndogo iliyofichwa nyuma ya ukingo, inatosha. Kidaka chenye taa usawa wa kifua kinafanya kazi ya dirisha la tatu usiku.

#8 Umeme_Nguvumali

Tuje kwenye taa. Dada ana taa moja ya katikati yenye mwanga wa buluu, na sakafu inayong'aa. Akikaa kochini anaona balbu mbili, ya darini na ya sakafuni.

Hesabu ya mwanga: sebule ya kawaida inaridhika na lumeni (kipimo cha mwanga) 150 kwa mita ya mraba. Sakafu ya giza, panda hadi 200. Mita 20 mara 200 ni lumeni 4,000. Balbu ya LED ya wati 9 inatoa karibu lumeni 800, kwa hiyo ni balbu 5. Zisikae zote darini. Tatu darini zenye vifuniko vya maziwa, mbili pembeni: taa ya kusimama kona moja, taa ya ukutani au ya mezani kona ya pili. Taa ya kusimama iwe na kofia ya kitambaa, ukingo wa chini wa kofia usizidi mita 1.2 kutoka sakafuni, ili aliyekaa asiione balbu na mwanga umwagike juu ya zulia.

Soma boksi la balbu, namba yenye K ndiyo rangi ya mwanga. 6500K ndiyo ile ya buluu, inafanya taili nyeusi ziwe kama lami na inaanika vumbi. Sebuleni weka 3000K. Usichanganye 3000 na 6500 chumba kimoja, rangi ya ukuta itakuwa mbili.

Wanaopenda mkanda wa LED ndani ya jipsamu: taili inayong'aa itaakisi kila nukta ya mkanda, utaona mlolongo wa shanga sakafuni. Uweke mkanda ndani kabisa ya ukingo uangaze dari, au uutie kwenye reli yenye kifuniko cheupe. Na swichi zitenganishwe, za darini peke yake, za pembeni peke yake. Kazi ya kuchimbia waya imalizike kabla ya rangi, tafadhali. Kila siku tunakutana na kuta mpya zinazochimbwa.

#9 CherehaniYaBarabaraYaKumi

Mapazia. Makosa mawili tu ndiyo yanaharibu: fimbo kufungwa juu kidogo tu ya dirisha, na pazia kuburuta.

Dirisha la mita 1.5, fimbo iwe mita 2.1, izidi sentimita 30 kila upande. Hivyo pazia likifunguliwa linakaa juu ya ukuta na dirisha lote linatoa mwanga. Kwenye sakafu ya giza kila sentimita ya kioo ina thamani. Mkunjo ni mara 2 ya fimbo, yaani mita 4.2 za kitambaa. Ongeza sentimita 20 za pindo za ubavuni kwa vipande viwili. Jumla 4.4 kwa dirisha. Madirisha mawili ya dada ni 8.8, nunua mita 9.

Sasa urefu. Kitambaa cha pazia cha mapana ya mita 2.8 kinashonwa kwa kulazwa, mapana yake ndiyo yanakuwa urefu wa pazia. Mtu anaona ukuta una mita 3, anafunga fimbo mita 2.8, halafu anashangaa kitambaa hakifiki. Pindo linakula. Funga fimbo mita 2.6. Pazia lililokamilika liwe mita 2.58, zinabaki sentimita 22: nane za juu, kumi na nne za chini zikunjwe mara mbili ili pindo liwe na uzito. Sentimita 2 za nafasi chini ni za lazima. Pazia jepesi likigusa taili linanyonya maji ya deki, na pindo linakuwa la kijivu milele. Likiwa fupi sentimita 8 nalo linaonekana limepungua. Kitambaa cha pamba kilowekwe na kukaushwa kabla ya mkasi kukigusa.

Rangi isogeleane na ya ukuta, iwe nzito hatua moja. Na vile vijicho vya chuma vya juu ya pazia, hewa ya bahari inavitia kutu kisha kutu inashuka kwenye kitambaa. Chagua vya plastiki au tumia ringi za mbao.

#10 SeremalaMuheza

Makochi ya ngozi bandia juu ya sakafu ya giza ni giza juu ya giza. Dada hahitaji kununua mapya. Kwanza ayainue. Miguu ya mbao ya sentimita 12 mpaka 15, minne kwa kila kochi dogo, sita kwa la watu watatu, miwili ya ziada ikae katikati ya fremu kwa sababu hapo ndipo linapopinda. Mwanga ukipita chini ya kochi, chumba kinaonekana kirefu, na deki linaingia. Mbao iwe mtiki. Mtiki wa Longuza una udhahabu unaojitokeza juu ya kahawia. Mninga ni mzuri sana lakini wekundu wake utazama kwenye taili hizo zenye wekundu.

Chini ya kila mguu weka kipande cha raba, si cha sufi. Sufi inanyonya maji ya deki na kuozesha ncha ya mbao. Miguu ya chuma isiyopakwa vizuri inaacha duara la kutu ndani ya grauti.

Pili, avalishe. Ngozi bandia kwa joto na unyevu wa huku hubanduka magamba baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo vitambaa vya kufunika si aibu. Vya pamba nzito, rangi ya mchanga.

Kioo: wengi wanakiweka kikianzia karibu na sakafu, kwa hiyo kinaakisi nini? Sakafu nyeusi. Giza mara mbili. Ukingo wake wa chini uanzie sentimita 90, kitazame ukuta wenye dirisha. Nyuma yake weka vipande vya raba vya milimita 5 ili hewa ipite, vinginevyo pembe zake zinaota madoa meusi.

#11 MwenyejiSahare

Nimefurahi sana na michango hii. Naongeza usafi, kwa sababu taili za giza zisipotunzwa mapambo yote ni kazi bure.

Mistari myeupe inayobaki baada ya deki ni sabuni na chumvi ya maji. Kijiko kimoja cha sabuni ya maji kwa lita 5 kinatosha. Povu jingi maana yake utando. Ndoo mbili, ya sabuni na ya kusuuzia, deki likamuliwe, na mwisho pitisha kitambaa kikavu kabla maji hayajajikausha yenyewe. Ukungu uliokwisha kujijenga, changanya nusu kikombe cha siki kwenye lita 5, futa, suuza kwa maji safi. Mara moja moja tu, siki inalainisha grauti. Na kama sakafu ni ya jiwe la marumaru lenyewe au teraso, siki isiguse kabisa, inaunguza mng'ao.

Mafuta ya taa na polishi ya sakafu ya saruji msivipeleke kwenye taili. Uso wake haunywi, vinabaki juu, vinashika vumbi na unyayo, na sakafu inateleza. Mafuta ya taa ni hatari ya moto juu ya hayo.

Mlangoni weka zulia la usumba nje na la pamba ndani, kwa pamoja yafike urefu wa mita 1.2 ili kila mguu ukanyage angalau mara moja. Vyungu vya maua viinuliwe sentimita 3 juu ya vigingi, duara la chumvi chini ya chungu ni gumu kutoa.

#12 DadaWaChumbageni

Nashukuruni mno. Nimeandika: grauti, waya za taa, rangi ya mchanga isiyong'aa, miguu ya makochi, mapazia, zulia la mkonge mwisho. Maswali mawili. Skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta, ni taili hizohizo za kahawia, sentimita 10, niipake rangi ya ukuta? Na zulia la 2.5 kwa 3.5 naogopa litakuwa kubwa mno, nitajuaje kabla sijalipia?

#13 FundiTaili_Ngamiani

Skatingi iache. Rangi ya ukutani haishiki juu ya taili. Deki mbili tatu inabanduka. Ukitaka kweli lazima ikwaruzwe kwa msasa namba 120 na ipigwe praima ya epoksi, kazi kubwa kwa faida ndogo. Safisha tu ukingo wake wa juu, ile laini ya plasta na rangi iliyochuruzika. Bandika utepe wa kupakia rangi juu yake kabla RoliNaBrashi hajaanza, ng'oa utepe rangi ikiwa bado mbichi kidogo.

#14 UkinduWaPwani

La zulia usikisie. Chukua doti mbili za khanga zenye rangi nyepesi, zikate zipatikane nne, au kama hutaki kuzikata azima kwa jirani zilizokatwa tayari. Khanga moja ni karibu mita 1.5 kwa 1.1. Zitandaze mbili kwa mbili, utapata mita 3 kwa 2.2. Ziachanishe katikati mpaka kingo za nje zifike 3.5 kwa 2.5, bandika pembe kwa utepe. Urefu ufuate kochi la watu watatu. Sukuma makochi mpaka miguu ya mbele ikanyage, kisha fungua mlango wa kuingilia na uone kama unapita bila kukwama, maana zulia la mkonge lina unene wa sentimita moja hivi. Ziache hapo mpaka usiku, washa taa za pembeni peke yake, ukae kwenye kila kochi kwa zamu. Kama kuna kochi ambalo ukilikalia miguu yako iko kwenye taili, sogeza khanga upande huo na upime upya kabla ya kwenda dukani.